Wawili wa Wales, wawili wa Kongo

Leo tuzungumze juu ya Wales, nchi ndogo iliyo magharibi ya Uingereza, yenye lugha yake na makanisa ya nyimbo nyingi. Mtauliza, Likasi ina habari gani na Wales? Inayo.

Mtu wa kwanza mnamjua: Stanley, yule Bula Matari. Jina la Stanley si la ukoo wake. Alizaliwa Denbigh, Wales, mwaka 1841, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa na mume. Mwaka 1847, akiwa na miaka sita, jamaa walimpeleka St Asaph katika nyumba ya maskini, mahali walipowekwa wasio na kitu. Alipokua akavuka bahari mpaka New Orleans, akachukua jina la mfanyabiashara wa pale, akaficha asili yake. Wengi wenu mnajua maana ya kuficha asili ili mtu apate kazi au chumba cha kupanga. Hapo tunamwelewa. Lakini kumwelewa si kumsifu. Tangu 1879 alimfanyia mfalme Léopold kazi ya kuitwaa Kongo. Na William Stairs, aliyekuwa ofisa wake katika safari ya 1887 hadi 1889, ndiye aliyeongoza msafara ulioingia Bunkeya mwaka 1891, na humo Msiri akauawa.

Wa pili hajulikani sana kwetu, nami namwona ana la kutufundisha zaidi. William Hughes, pasta Mbatisti, alifika Kongo mwaka 1882. Ugonjwa ukamshinda. Mwaka 1885 akarudi kwao pamoja na vijana wawili Wakongo, Kinkasa na Nkanza, akazunguka nao katika makanisa ya Wales. Aliwaza hivi: Mzungu anakufa kwa homa kule Kongo, basi heri Mwafrika ajifunze dini na kazi ya mikono, useremala, ushonaji, uchapaji, kisha arudi kuwafundisha ndugu zake. Akafungua shule mjini Colwyn Bay. Wanafunzi zaidi ya 80 walipita pale kwa miaka, toka Kongo, Afrika ya Magharibi na Afrika Kusini. Mmoja alikuwa D. D. T. Jabavu, aliyekuja kuwa mwalimu katika chuo cha Fort Hare.

Hesabu ile ya homa ilisahau jambo moja: kijana wa Kongo naye ni mgeni Wales. Kinkasa alikufa 1888, Nkanza 1892. Na tusifiche, mlezi mmoja wa shule ile alikuwa Léopold mwenyewe, hata wakati watu wa Kongo walipokuwa wakikatwa mikono kwa ajili ya mpira.

Lililoiua shule ni maneno. Mwaka 1911 gazeti John Bull la London liliandika kwa dhihaka juu ya mtoto aliyesemwa kuwa wa mwanafunzi Mwafrika na mwanamke wa pale. Hughes akalishitaki, akashindwa mwaka 1912. Waliokuwa wakitoa fedha wakakimbia, madeni yakamla, milango ikafungwa. Watu waliokaa pamoja zaidi ya miaka 20, wakisali pamoja, walitenganishwa na karatasi moja.

Sisi wa Likasi hatuhitaji kufafanuliwa. Mwaka 1992 neno «bilulu», yaani wadudu, lilitupwa juu ya wenye asili ya Kasai, na halikukawia kugeuka nyumba zilizovunjwa na jamaa waliolala stesheni wakingoja gari la moshi, watoto wakizikwa hapo hapo. Neno lilitangulia, fimbo ikafuata. Wakubwa wa mitaa, ninyi ndio mnaolisikia neno la namna hiyo kwanza, kwenye pombe na kwenye bomba la maji.

Hughes alikufa mwaka 1924 katika nyumba ya maskini ya Conwy, ya namna ile ile alimolelewa Stanley. Kinkasa na Nkanza wamezikwa Old Colwyn, na majina yao ya kwao yameandikwa kaburini.