Vichekesho vya Sinema Bubu na Ustadi wa Kuanguka

Tarehe 28 Desemba 1895, katika Grand Café mjini Paris, ndugu wawili wa Kifaransa, Auguste na Louis Lumière, waliwaonyesha watu waliolipa kiingilio picha fupi fupi zinazotembea, na miongoni mwazo ilikuwamo moja isiyotimia dakika nzima, ambayo twaweza kuihesabu kuwa mama wa vichekesho vya sinema. Mtunza bustani amwagilia maji. Mvulana mtundu amnyemelea nyuma, aukanyaga mpira, maji yakatika. Mzee wa watu auinamia mdomo wa mpira kutazama una nini, na mara mvulana auinua mguu, maji yamfumkia usoni hata kofia yamtoka. Halikusemwa neno, wala halikuhitajiwa.

Kwa kuwa sinema ya zama zile haikuwa na sauti, ilimlazimu mchekeshaji kuufanya mwili wake ndio ulimi. Mfaransa Max Linder, aliyeanza kazi katika kampuni ya Pathé mwaka 1905, alijivika kofia ya hariri na mavazi ya kiungwana, kisha akaiacha heshima hiyo yote ivunjwe mbele ya hadhira. Mwaka 1912 Mack Sennett akaasisi kampuni ya sinema ya Keystone huko California, ambako polisi wasiojua la kufanya walikimbizana, wakagongana, wakarundikana. Na humo ndimo alimoingia Charlie Chaplin, mwana wa ufukara wa London, aliyewadhihirikia watu mwaka 1914 na suruali pwaya, koti la kubana, viatu vikubwa na bakora.

Lakini asidhani mtu kwamba kuanguka huko kulikuwa masihara matupu. Buster Keaton, aliyekulia jukwaani akirushwa huku na huko na babake katika michezo ya familia yao, alitoa mwaka 1920 sinema ya One Week, ambamo maarusi wajijengea nyumba iliyoletwa vipande vipande ndani ya masanduku yenye nambari, wasijue kwamba hasidi amezibadili. Nyumba yatoka kombo, yazunguka kama pia katika dhoruba, mwisho yakwama juu ya reli. Garimoshi laja mbio, kumbe lapita njia ya jirani. Na wangali wakishusha pumzi, jingine latokea upande wa pili na kuiponda.

Ni dhuluma, basi, kuziita kazi hizi upuuzi, ilhali kila anguko lilipimwa kwa hesabu na kulipiwa kwa maumivu ya mwili. Nyingi zimekwisha kupotea. Zilizosalia na tuwaonyeshe watoto wetu, kwani hazimtaki mtazamaji ajue Kifaransa wala Kiingereza.