Roald Dahl: Kutoka ofisi ya mafuta Dar es Salaam hadi vita vya angani

Na Mwandishi Wetu, Tanga

WENGI wanamfahamu Roald Dahl kwa vitabu vyake vya watoto, vikiwamo Matilda na Charlie and the Chocolate Factory. Ni wachache wanaojua kuwa aliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia akitokea Tanganyika, na kwamba ajali ya ndege iliyompatia umaarufu ilitangazwa kwa wasomaji kinyume na ilivyotokea.

Dahl alizaliwa Septemba 13, 1916 Llandaff, Cardiff, nchini Wales, na wazazi wake walitoka Norway. Mwaka 1934 aliajiriwa na kampuni ya mafuta ya Shell, ambayo ilimpeleka Dar es Salaam mwaka 1938.

Kazi yake ilikuwa kuwahudumia wanunuzi wa mafuta na vilainishi, wakiwamo wenye mashamba ya mkonge, zao ambalo kitovu chake kilikuwa Tanga. Alilazimika pia kujifunza Kiswahili.

Hofu ya Wajerumani

Uingereza ilipotangaza vita Septemba 3, 1939, utawala wa Tanganyika ulikuwa na sababu ya kuwa na hofu. Nchi hiyo ilikuwa koloni la Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza, na Waingereza hawakuwa wamesahau Novemba 1914, pale jeshi lao lililoletwa kutoka India liliposhindwa vibaya mjini Tanga na kikosi kidogo cha Paul von Lettow-Vorbeck.

Isitoshe, Wajerumani walikuwa wameruhusiwa kurejea tangu mwaka 1925, na wengi walikuwa na mashamba Tanga, Usambara na maeneo mengine ya kaskazini. Amri ilitolewa wakamatwe.

Dahl, aliyekuwa na umri wa miaka 22, alipewa uofisa wa muda na kukabidhiwa askari Waafrika wa KAR, jeshi lililojulikana kama Keya. Jukumu lao lilikuwa kuwazuia Wajerumani waliojaribu kukimbilia Msumbiji, iliyokuwa chini ya Wareno.

Mafunzo Nairobi

Novemba 1939 aliacha kazi ya Shell, akaendesha gari lake hadi Nairobi na kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza, RAF. Urefu wake wa futi sita na inchi sita ulikuwa kikwazo ndani ya ndege ndogo ya mafunzo aina ya Tiger Moth, lakini aliruka peke yake baada ya mafunzo ya saa saba na dakika 40.

Kwa mujibu wa kumbukumbu zake, kati ya vijana 16 waliofunzwa pamoja Nairobi, 13 waliuawa katika miaka miwili iliyofuata.

Baada ya mafunzo zaidi Habbaniya, Iraq, alipangiwa Kikosi cha 80, kilichokuwa kikitumia ndege za Gloster Gladiator.

Ajali ya jangwani

Septemba 19, 1940 aliagizwa kurusha Gladiator kutoka Abu Sueir, Misri, kwenda kujiunga na kikosi hicho. Alijaza mafuta Amiriya, kisha Fouka, ambako alielekezwa uwanja ulipo.

Hakuuona. Giza lilikuwa likiingia na mafuta yakipungua, ikambidi atue jangwani. Ndege iligonga jiwe na kuwaka moto. Dahl alijiburuta nje akiwa amepasuka fuvu, pua imepondeka na haoni.

Uchunguzi wa RAF ulibaini kuwa alikuwa ameelekezwa mahali pasipo sahihi, katika eneo lililokuwa kati ya majeshi ya Uingereza na Italia. Alilazwa Alexandria hadi Februari 1941.

Vita vya Athens

Aprili 1941 alikifuata kikosi chake nchini Ugiriki, akirusha Hawker Hurricane, ndege ambayo, kwa maelezo yake, alikuwa ameizoea kwa saa chache tu. Wajerumani walikuwa na ndege nyingi mno kuliko Waingereza.

Aprili 15, katika pambano lake la kwanza, aliangusha Junkers 88, na kesho yake nyingine. Aprili 20, Hurricane 12 zilipaa juu ya Athens. Tano zilitunguliwa na marubani wanne wakafa, akiwamo Pat Pattle wa Afrika Kusini, mmoja wa marubani hodari zaidi wa RAF.

Kikosi kilihamishiwa Haifa, Palestina. Huko Dahl alipambana na ndege za Wafaransa wa serikali ya Vichy na za Wajerumani, hadi maumivu makali ya kichwa yalipomwondoa angani katikati ya mwaka 1941. Anahesabiwa kuwa aliangusha ndege tano.

Ukweli wa tukio

Mwaka 1942 alitumwa katika ubalozi wa Uingereza mjini Washington. Agosti mwaka huo jarida la Saturday Evening Post lilichapisha simulizi yake ya ajali, na kichwa cha habari kilidai kuwa ametunguliwa Libya. Haikuwa Libya, wala hakutunguliwa.

Tofauti hiyo si ndogo. Rubani anapotunguliwa, anayewajibika ni adui. Anapoelekezwa vibaya, lawama ni ya waliomtuma. Wakati wa vita, habari ya kwanza ilifaa zaidi kuwavutia Wamarekani.

Dahl aliisimulia ajali hiyo ilivyokuwa katika kitabu chake Going Solo cha mwaka 1986, ambacho pia kinaeleza maisha yake Tanganyika. Alifariki Novemba 23, 1990 mjini Oxford, akiwa na umri wa miaka 74.