Mafuta na Oili: Maneno Mawili katika Barabara ya Nyanda za Juu Kusini

Katika karakana zilizo kandokando ya barabara kuu, kuanzia Ipogoro chini ya mji wa Iringa hadi Mwanjelwa mjini Mbeya, fundi akiambiwa kwamba gari "linakula mafuta" humwuliza dereva habari za mzigo, za upepo wa matairi na za mwendo wake. Akiambiwa "linakula oili" huzunguka nyuma na kuinamia bomba la moshi. Hayo ni malalamiko mawili ya maradhi mawili. Sisi wa ofisini tumezoea kuyaandika kwa neno moja.

Mafuta ni neno kongwe lililobeba mengi: ya nazi, ya ufuta, ya nyonyo, na baadaye ya taa. Petroli na dizeli zilipofika zilipokewa humo humo bila taabu. Kilainisho cha injini hakikutulia humo, kwa sababu dereva hununua vitu vyote viwili mahali pamoja, na kukosea tundu la kumiminia ni kuiua injini. Mafundi wakashika neno oili kwa kile kinacholainisha, wakaliachia mafuta kile kinachochomwa. Wako wanaolaumu kwamba mkopo huu haukuwa wa lazima. Kwangu mimi ni katika mikopo yetu iliyofanya kazi yake barabara. Kiingereza kilichotukopesha hulitumia neno hilo kwa vitu vya jikoni, vya visimani na vya injini pia. Mafundi wetu walilipokea wakalipunguzia maana.

Uzito wa tofauti hii ulionekana baada ya tarehe 11 Novemba, 1965, serikali ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru huko Rhodesia. Zambia, ambayo mafuta yake yalipitia huko kwa reli, ilikatiwa njia. Malori yenye shehena za mapipa yakaanza kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro, yakipanda Kitonga hadi Iringa, kisha Mbeya na Tunduma, katika barabara iliyokuwa vumbi tupu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua. Njia hiyo ikapata sifa ya kuitwa ya Jehanamu. Bomba la TAZAMA lilikamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa mwaka 1976, lakini malori hayakutoweka hata leo. Vumbi kama lile, likipenya kichujio cha hewa, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda; hapo oili hupanda juu ya pistoni na kuungua. Lori lililopeleka mafuta ya wenzetu liliweza kufika Tunduma limekula oili yake lenyewe.

Nyanda hizi zina jambo jingine la kumkanganya mfasiri. Mbeya iko kiasi cha meta 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko msukumo wa hewa hupungua kwa zaidi ya sehemu moja ya sita. Injini ya dizeli iliyorekebishwa pwani hupata mafuta yale yale kwa hewa pungufu, ikatoa moshi mweusi mlimani. Huo ni moshi wa mafuta. Asubuhi za Juni na Julai bomba hutoa moshi mweupe. Ukitoweka injini ikishapata moto, ni baridi tu, lakini ukiendelea huku maji ya rejeta yakipungua, gasketi ya silinda imeharibika. Moshi wa buluu ndio wa oili, nao husomwa kwa wakati wake. Ukitoka gari likivuta mlimani, hushukiwa ringi. Katika gari la petroli, na hasa yale madogo ya mbio yanayonunuliwa yakiwa yamekwisha tumika, hutokea kwamba gari hushuka Kitonga kwa utulivu, mguu haukanyagi mafuta, na pale chini dereva anapokanyaga tena hutoka wingu moja la buluu kisha likaisha. Hapo hushukiwa sili za vali: katika mteremko injini ilikuwa ikifyonza oili kupitia hapo. Matengenezo ya sili ni madogo kuliko ya ringi, na anayeandika "gari linatoa moshi" amemnyima mwenye gari tofauti hiyo.

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilifasiri fomu ya ukaguzi wa magari ya ofisi moja ya umma. Palipohusu oili iliyoongezwa kila safari niliandika "mafuta yaliyoongezwa", nikiona oili si neno la kuwekwa katika fomu. Dereva wa pikapu iliyokwenda baina ya Mbeya na Iringa alijaza lita za dizeli, safari baada ya safari, kwa uaminifu. Oili aliyokuwa akiongeza hakuiandika, maana fomu haikumwuliza. Injini ilinoki karibu na Makambako. Lilipotafutwa kosa, fomu zake zilikuwa safi, naye ndiye aliyeandikiwa barua ya kujieleza.

Nilikwenda kueleza kwamba kosa lilikuwa langu. Fomu ya sasa ina safu ya mafuta, safu ya oili, na nafasi ya kuandika rangi ya moshi na mahali ulipoonekana, mlimani au mteremkoni.