Yohana, Doto na Kashinje: Majina Kando ya Ghuba ya Mwanza

Tangu Juni 2025 msafiri wa Sengerema hasubiri tena kivuko pale Busisi. Anavuka ghuba hadi Kigongo kwa daraja la kilomita 3 lenye jina la John Pombe Joseph Magufuli. John ni Yohana, kwa Kiebrania "Mungu amefadhili". Joseph ni Yosefu, "na aongeze": ndivyo Raheli wa Biblia alivyoomba siku alipomzaa, mtoto yuko mkononi na yeye anataka mwingine.

Majina hayo hayakuja na watu wa aina moja. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani walitangulia, nao kwao Yohana ni Yahya, Yosefu ni Yusufu na Isaka ni Isihaka. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika Kageyi, kusini mwa Ziwa Viktoria, mwaka 1877. Mwaka 1883 Mapadri Weupe waliotoka Buganda wakafungua misheni Bukumbi, upande wa Kigongo. Aliyebatizwa alipewa jina la mtakatifu au la mtu wa Biblia.

Lakini Msukuma, mwenyeji wa pande hizi, alikuwa na majina yanayosimulia kuzaliwa tangu zamani. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, anayewafuata ni Shija. Mtoto aliyetanguliza miguu ni Kashinje. Wa msimu wa mvua ni Mabula, na wa kike Kabula.

Waebrania nao walifanya vivyo hivyo. Yakobo alitoka tumboni ameshika kisigino cha pacha wake Esau, na jina lake likafuata kisigino hicho. Mama yao Rebeka angejifungulia Busisi, Esau angeitwa Kulwa na Yakobo Doto, na hakuna jirani ambaye angeuliza sababu. Hata Musa, ambaye kitabu cha Kutoka kinasema aliitwa hivyo kwa kuwa alitolewa majini, angeeleweka upesi kwa wavuvi.

Kilichopotea njiani ni hadithi. Mwite Kashinje, wazee watajua mama yake alivyohangaika. Mwite Yakobo, wengi watajua tu kwamba amebatizwa.

Siku hizi wazazi huchagua wenyewe: Elisha, Shalomu, Ebeneza. Hili la mwisho halikuwa jina la mtu hata kidogo. Ni jina la jiwe, "jiwe la msaada", alilosimamisha nabii Samweli baada ya vita na Wafilisti. Kwa Mwanza, mji uliojengwa juu ya majabali, si chaguo baya.