Jicho la Mkaguzi katika Makao ya Wazee ya Marekani

Hadi miaka ya 1930, mzee wa Marekani asiye na mali wala mtu wa kumtunza aliishia mara nyingi katika nyumba ya maskini iliyoendeshwa na serikali ya mahali pake. Nyumba hizo zilichukiwa mno, na Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 ilikataza posho mpya ya uzeeni kulipwa kwa aliyeishi katika taasisi ya umma. Wazee walitoka, lakini wengi hawakuwa na kwao. Wakapanga katika nyumba za watu binafsi, na wenye nyumba wakagundua kwamba posho ile ni mapato ya uhakika. Biashara ya kutunza wazee ikakua hivyo, karibu bila mtu wa kuikagua. Ni mwaka 1950 ndipo Congress, bunge la Marekani, ilipoyataka majimbo yaweke utaratibu wa leseni.

Leseni hizo zilitazama jengo zaidi ya mtu, na hata jengo halikutazamwa vya kutosha. Novemba 1963 moto uliteketeza makao ya wazee huko Fitchville, Ohio, na kati ya wakazi 84 wakafa 63. Miaka miwili baadaye ilianzishwa mipango ya serikali ya kugharimia matibabu, Medicare ya wazee na Medicaid ya maskini, na fedha za umma zikaanza kumiminika. Kati ya makao takriban 6,000 yaliyoomba kuingia Medicare, 740 tu ndiyo yaliyotimiza masharti yote. Serikali, kwa kuogopa kukosa vitanda, ikabuni daraja la wanaokaribia kutimiza, na zaidi ya 3,000 yakapitia mlango huo. Lilikuwa kosa zito: wenye makao walijifunza tangu mwanzo kwamba sharti linaweza kusubiri.

Mabadiliko yalianzia kwa wazee wenyewe. Mwaka 1975 wakazi wa makao huko Colorado waliishtaki serikali, wakidai kwamba inalipa bila kujua inalipia nini. Walikuwa na haki. Fomu za ukaguzi ziliuliza kama makao yana uwezo wa kutoa huduma: je, sera zimeandikwa, je, daktari yumo kwenye orodha? Huduma yenyewe haikupimwa. Bibi aliyelala usiku kucha bila kugeuzwa, hadi akatokwa na vidonda mgongoni, hakuwa na mahali katika fomu hiyo. Mwaka 1984 mahakama ya rufani iliamua kwamba waziri mhusika ana wajibu wa kujua kama wazee hao wanahudumiwa kweli.

Mwaka huohuo wa 1975 Elma Holder alianzisha muungano wa raia wa kutetea wakazi wa makao. Muungano huo ulifanya jambo rahisi ambalo lilikuwa limesahaulika: uliwauliza wazee. Ripoti yake ya 1985 ilikusanya kauli za wakazi zaidi ya 400 katika miji 15, nao walitaja kwanza wahudumu wenye utu na wanaotosha. Wakati huo serikali ya Rais Reagan ilikuwa imejaribu kulegeza kanuni za makao mwaka 1982, umma ukapiga kelele, na suala likakabidhiwa Taasisi ya Tiba, chombo cha ushauri wa kitaalamu. Ripoti ya taasisi hiyo ya 1986 ndiyo iliyozaa sheria ya marekebisho ya makao ya wazee ya Desemba 1987.

Sheria hiyo ilimpeleka mkaguzi hadi kitandani. Huja bila taarifa, muda usiozidi miezi 15 tangu ukaguzi uliopita, na huzungumza na wakazi. Anayeyatonya makao kuhusu siku ya ukaguzi hutozwa faini. Mtu aliyeyafanyia kazi makao fulani katika miaka 2 iliyopita haruhusiwi kuyakagua. Wasaidizi wa wauguzi walitakiwa kupata mafunzo ya saa 75 au zaidi, na cheti cha mafunzo hayo kimekuwa mlango wa ajira kwa wahamiaji wengi kutoka Kenya na nchi jirani.

Matunda yalionekana wazi katika desturi ya kuwafunga wazee kwa mikanda vitini na vitandani. Kabla ya sheria, wakazi wapatao 40 kati ya 100 walifungwa. Miaka 20 baadaye walibaki takriban 5. Hakuna takwimu inayoeleza vizuri zaidi thamani ya ukaguzi. Lakini dawa za kutuliza akili ziliendelea kutumika kupita kiasi, na kuanzia 1998 wakaguzi wa hesabu wa Congress walionyesha kwamba majimbo yalipunguza uzito wa makosa, na makao yaliyojirekebisha yalirudia yaleyale.

Machi 2020 UVIKO-19 ilisimamisha ukaguzi wa kawaida na kuwafungia ndugu milango, na vifo vikapanda karibu pasipo jicho la nje. Mwaka 2024 serikali iliweka kiwango cha saa 3.48 za huduma kwa kila mkazi kwa siku, hatua iliyokaribia ombi la wazee la 1985 la wahudumu wanaotosha. Aprili 2025 mahakama ya shirikisho huko Texas ikakitengua kiwango hicho.