Joistiki ya michezo ya video: Namna ya kuiunda kwa gharama ndogo

Joistiki ni mpini mfupi uliosimikwa juu ya kisanduku, ukiandamana na vitufe kadhaa, ambao mchezaji huutumia kuongoza mchezo wa video kwenye runinga au tarakilishi. Kifaa hicho kilienea duniani kupitia mashine kubwa za michezo zilizowekwa katika kumbi za burudani miaka ya 1970 na 1980. Hadi leo kingali kipenzi cha wachezaji wa michezo ya mapigano kama vile Street Fighter, ambao toleo lake la pili la mwaka 1991 lilizoesha ulimwengu mpangilio wa vitufe 6, na Tekken, uliozinduliwa mwaka 1994.

Joistiki iliyotengenezwa na kampuni yenye sifa huuzwa kwa dola 100 hadi 300 za Marekani, kabla ya kuongeza nauli na ushuru. Kwa familia inayotegemea maziwa na mahindi huko Siongiroi, katika eneo bunge la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, au inayosubiri bonasi ya majani chai katika nyanda za juu za Kericho, hizo ni fedha za karo wala si za mchezo.

Hata hivyo, kifaa hicho kikifunguliwa, kilichomo ndani hakitishi: mpini wenye springi, swichi kumi na kadhaa, nyaya na bodi moja ndogo ya kielektroniki. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoweza kumshinda seremala na fundi wa redio wa soko la kawaida. Siri ya kuokoa fedha ni kujua kipi kinunuliwe na kipi kiundwe nyumbani.

Jinsi kinavyofanya kazi

Kila kitufe ni swichi. Kikibonyezwa, vipande viwili vya chuma hugusana na umeme mdogo hupita. Kikiachwa, vipande hivyo huachana. Bodi hutambua mguso huo na kuuarifu mchezo.

Mpini nao huzungukwa na swichi 4: ya juu, ya chini, ya kushoto na ya kulia. Ukielekezwa pembeni, swichi mbili za jirani hufungwa kwa pamoja, ndiyo maana swichi 4 hutoa pande 8. Springi huurudisha mpini katikati pindi mkono unapolegea.

Jambo moja huwakanganya wengi wanaojaribu kwa mara ya kwanza. Mpini huzunguka kwenye egemeo lililo katikati yake, hivyo sehemu ya juu ikienda kulia, sehemu ya chini huenda kushoto. Kwa sababu hiyo, swichi iliyo upande wa kushoto ndiyo inayopaswa kuunganishwa kama "kulia", na iliyo upande wa chini ndiyo "juu".

Ubongo wa kifaa

Njia ya kwanza ya kupata bodi ni kutumia padi kuukuu ya michezo. Padi hufunguliwa, kisha waya hulehemiwa kwenye kila sehemu ambayo kitufe chake hugusa. Padi za bei rahisi za tarakilishi hufaa zaidi, kwani aghalabu vitufe vyake vyote huchangia waya mmoja wa kurudisha umeme. Padi za PlayStation 2 ni ngumu kwa kuwa vitufe vyake hupima nguvu ya kidole. Padi za PlayStation ya kwanza ni rahisi, na hukubaliwa na PlayStation 2 katika michezo mingi.

Njia ya pili ni bodi ya Raspberry Pi Pico, iliyozinduliwa Januari 2021 kwa bei ya dola 4. Bodi hiyo huwekewa programu ya bure iitwayo GP2040-CE. Kitufe kilicho juu ya bodi hushikiliwa wakati waya wa USB unapochomekwa, bodi hujitokeza kwenye tarakilishi kama diski ya kuhifadhia mafaili, kisha faili la programu hunakiliwa humo. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haihitaji ujuzi wa kuandika programu.

Ni muhimu kutambua mapema kifaa kitatumika wapi. Tarakilishi huipokea bodi hiyo bila matatizo. PlayStation 4 na PlayStation 5 zina kinga inayodai kitambulisho cha ziada, na anayelenga mashine hizo hana budi kujipanga kwa gharama zaidi.

Sanduku

Sanduku ndilo sehemu inayoongeza bei ya joistiki za dukani, na ndilo rahisi zaidi kuunda. Upana wa sentimita 35 hadi 40, kina cha sentimita 20 hadi 25 na kimo cha sentimita 7 hutosha. Mbao za saiprasi hufanyika kwa urahisi na zafaa kwa kuta za sanduku. Mikaratusi, licha ya kupatikana kwa wingi katika ukanda wa chai, hupasuka na kupinda inapokauka.

Kifuniko cha juu kiwe cha plaiwudi nyembamba, kwani ubao mnene huufanya mpini utokeze kidogo mno. Vitufe vya mchezo huhitaji matundu ya milimita 30, na vile vya kuanzisha au kusimamisha mchezo milimita 24. Vitufe vya kufungwa kwa nati ndivyo vifaavyo kwa mbao. Vile vya kubana kwa plastiki vimekusudiwa mabati au ubao mwembamba sana.

Chini ya sanduku hupigiliwa vipande vya mpira wa tairi, kama ule wa kutengenezea akala, ili kisiteleze mchezo unapopamba moto.

Kuunganisha nyaya

Kila swichi huwa na ncha mbili zinazohitajika. Iwapo ina ncha tatu, hutumika ile ya pamoja na ile ambayo huwa wazi kabla ya kubonyezwa. Ncha moja ya kila kitufe huunganishwa kwa waya mmoja mrefu unaopita kitufe hadi kitufe na kuishia kwenye sehemu ya ardhi ya bodi. Ncha ya pili hupata waya wake wenyewe hadi kwenye tundu lake la bodi.

Umeme wa USB ni wa volti 5 tu, lakini kosa dogo laweza kuharibu bodi au tarakilishi. Vitufe visiunganishwe kamwe na waya wa volti 5. Kabla ya kuchomeka, fundi apime kwa mita kuhakikisha waya wa umeme na wa ardhi havijagusana. Kulehemu kufanyike penye hewa ya kutosha.

Pa kubana na pa kutumia

Rahisi huwa ghali. Fedha chache zilizopo zielekezwe kwenye mpini na vitufe, kwa sababu ndivyo vinavyopigwa maelfu ya mara. Mpini wa kampuni ya Sanwa ya Japani hugharimu takriban dola 25 ng'ambo; ule usio na jina hugharimu sehemu ndogo tu ya bei hiyo, lakini springi yake hulegea mapema. Vifaa vingi vya kielektroniki hupatikana Luthuli Avenue jijini Nairobi, na vifurushi huweza kutumwa mashinani kwa matatu.

Anayetaka kupunguza gharama zaidi anaweza kuacha mpini kabisa na kuweka vitufe 4 mahali pake. Mtindo huo umekubalika hata miongoni mwa wachezaji wa mashindano, ingawa baadhi ya mashindano huweka masharti kuuhusu.

Zaidi ya mchezo

Michezo hii si ya kupoteza wakati pekee. Mwaka 2018, Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, alisajiliwa na timu ya UYU ya Marekani kwa ustadi wake katika Tekken 7.

Si kila kijana wa Siongiroi atakayefika huko. Lakini aliyeunda joistiki yake amejifunza kupima, kukata, kulehemu na kutafuta hitilafu, stadi zile zile zinazomlisha fundi wa redio. Padi ya dukani ikiharibika kitufe kimoja, mara nyingi hutupwa yote. Joistiki ya nyumbani ikipatwa na hayo, hufunguliwa skrubu 4, swichi moja ikabadilishwa, na mchezo ukaendelea.