Kando ya Kila Jina, Sababu

Mwaka wangu wa pili chuoni, timu yetu ya magongo ilimaliza msimu ikiwa mkiani. Tulishinda mechi moja tu, na hiyo yenyewe ni kwa sababu wapinzani walikwama kwenye foleni ya magari, tukapewa pointi za bure. Mimi nilikuwa kipa wa akiba. Kusema ukweli, kazi yangu kubwa ilikuwa kubeba magongo.

Msimu ulipoisha kocha aliniita, akanipa daftari. "Wewe wa Garissa una mwandiko mzuri. Andika nani amebaki, na walioondoka uandike kwa nini."

Tulikuwa tumebaki saba. Wawili walikuwa wamemaliza masomo. Mmoja alikuwa amevunjika kidole na mama yake amemkataza. Watatu: karo. Nilipomrudishia daftari nikaona kitu: hakuna hata mmoja niliyemwandikia "alicheza vibaya."

Nimelikumbuka daftari hilo mwaka huu nikifuatilia historia ya timu ya taifa ya magongo. Wengi wa rika letu hawajui kwamba Kenya iliwahi kuwa ya nne duniani katika mchezo huu. Oktoba 1971, mjini Barcelona, kulichezwa Kombe la Dunia la kwanza kabisa la magongo. Zilikuwa timu kumi. Kenya ilifika nusu fainali, ikafungwa 1-0 na wenyeji Uhispania, kisha India ikatunyang'anya nafasi ya tatu kwa 2-1. Haikuwa bahati nasibu. Miaka saba kabla, kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964, pale pale Wilson Kiprugut alipotuletea medali yetu ya kwanza, timu ya magongo ilikuwa ya sita.

Beki mkubwa wa enzi hiyo alikuwa Avtar Singh Sohal, waliyemwita Tari, aliyecheza Olimpiki nne mfululizo, kuanzia 1960 hadi 1972. Karibu naye kulikuwa na kina Hilary Fernandes na Alu Mendonca. Karibu timu nzima ilikuwa ya Masingasinga na Wagoa, watoto wa mafundi, makarani na wenye maduka, waliolelewa kwenye vilabu kama Sikh Union.

Sasa angalia. 1972, Olimpiki ya Munich: Kenya ya kumi na tatu. 1973, Kombe la Dunia la pili, Amstelveen, Uholanzi. Timu kumi na mbili. Kenya ikashika nafasi ya kumi na mbili.

Miaka miwili tu, kutoka ya nne hadi ya mwisho. Mtu wa kawaida atasema kocha afukuzwe. Mimi nilitaka kuona daftari.

Daftari linaanza tarehe 12 Desemba 1963. Wakati wa uhuru, Waasia wengi wa Kenya walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengine waliomba. Wengine walisita, wakabaki na pasipoti za Uingereza, wakisubiri kuona mambo yatakavyokuwa. Mwaka 1967 zikaja sheria mbili: ya uhamiaji, iliyowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi, na ya leseni za biashara, iliyowabana wasifanye biashara katika maeneo fulani wala kuuza bidhaa fulani. Watu wakaanza kufunga virago. Uingereza nayo, kuona ndege zinajaa, ikapitisha sheria ya kuwazuia kwa siku tatu tu, ikaanza kazi Machi 1968. Waliowahi waliwahi. Wengine walitawanyika baadaye, Kanada, Australia, popote palipofunguka.

Sisemi sheria ndizo zilizotufunga mabao. Kuna wachezaji waliochukua uraia wakabaki, na miguu ya wengine ilikuwa imeshachoka. Wazungu nao walikuwa wanapanda. Lakini ukimpoteza winga, unatafuta winga. Familia ikihama, winga anaondoka na mdogo wake wa miaka tisa aliyekuwa akiokota mipira nyuma ya goli, na baba yao aliyekuwa akilipa ada ya klabu, na mjomba aliyekuwa refa. Hapo hujapoteza mchezaji. Umepoteza kitalu.

Na tuwe wakweli: kitalu chenyewe kilikuwa na ua. Ukoloni ulizitenga shule kwa rangi, na vilabu vilifuata jamii. Mtoto Mwafrika wa miaka ya hamsini angelishikia wapi gongo? Timu iliyotegemea mitaa michache ilikuwa karatasi moja tu mbali na kuanguka.

Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi. Gongo likaingia kwenye shule za sekondari, hasa za magharibi mwa nchi, na kwenye timu za polisi na jeshi. Tari mwenyewe akarudi kama kocha wa taifa. Katikati ya kazi hiyo Kenya ilisusia Olimpiki ya 1976, kisha ya 1980, kwa hiyo kuna kizazi kizima kilichofanya mazoezi bila jukwaa. Montreal 1976 ndipo magongo ya Olimpiki yalipochezwa kwa mara ya kwanza kwenye nyasi bandia, na kuanzia hapo aliyezoea murram alikuwa anajifunza mchezo mwingine.

Bado, Los Angeles 1984 Kenya ilikuwa ya tisa. Timu ya Seoul 1988 ilikuwa na Parminder Singh Saini na Sarabjit Singh Sehmi, na ilikuwa na Lucas Alubaha, Peter Akatsa na Michael Omondi. Ilimaliza ya kumi na mbili, na wanaume wetu hawajarudi Olimpiki tangu hapo. Lakini mimi nikisoma ile orodha naona kitu ambacho ile ya 1964 haikuwa nacho: ilianza kufanana na Kenya.

Ilianza tu. Tafuta jina la huku kwetu, hulioni.

Huku Waberi nilikozaliwa, tunajua karatasi. Mwaka 1989 serikali iliamuru Wakenya wote wenye asili ya Kisomali wahakikiwe upya. Watu waliosimama mbele ya maafisa wakatajiwa koo zao, wakapewa kadi ya rangi ya waridi, ati ithibitishe kwamba kitambulisho walichokuwa nacho ni cha kweli. Abti wangu bado anayo yake, kwenye mfuko wa plastiki, pamoja na hati ya shamba. Sisi tuliozaliwa baadaye tulirithi kuhojiwa: wazee mezani, maswali kuhusu babu, rudi wiki ijayo.

Mimi nilirudi wiki ijayo kwa muda mrefu sana. Bila kitambulisho hakuna mkopo wa masomo. Kilipotoka, nilikuwa na deni la mihula miwili, na daftari la kocha lilikuwa na mtu mpya wa kuliandika. Naambiwa kando ya jina langu aliweka "karo." Si uongo. Si ukweli wote pia.

Februari 2025 Rais Ruto alitia sahihi tangazo la kufuta uhakiki huo kwa watu wa mipakani. Mtaani walishangilia. Abti hakusema kitu, alirudisha tu ule mfuko kabatini.

Siku hizi nawasaidia vijana wa mtaa na timu yao ya soka. Magongo hatuna, na nyasi bandia Waberi sijawahi kuziona. Msimu uliopita tulitolewa mapema, vibaya, na kazi ya kupanga kikosi kipya nimepewa mimi, kwa sababu ile ile ya mwandiko. Nimenunua daftari. Kando ya kila jina lililoondoka naandika sababu. Mmoja: Nairobi, kazi. Wawili: tahriib, tunasubiri simu. Mmoja: kitambulisho, hakuweza kuandikishwa kwenye ligi.

Huyo wa mwisho alikipata mwezi jana. Jumamosi tuna mazoezi saa kumi na moja jioni, jua likipungua makali. Nimemwandika winga wa kushoto, na mdogo wake amesema atakuja kuokota mipira.